Kumpima mgombea udiwani Dodoma: mwongozo wa mtu mwenye daftari na kalamu

Nina kibanda cha steshenari jirani na Soko la Majengo. Msimu wa uchaguzi ninakuwa na kazi mbili: mchana nachapa vipeperushi vya wagombea, jioni najibu maswali ya wapiga kura wanaopitia kutoa kopi. Maswali yenyewe hayabadiliki. "Meya tunampigia kura lini?" "Diwani si ndiye mwenyekiti wa mtaa?" "Kaka, wote wanaahidi maji, sasa nimpe nani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Mwaka mmoja nilichapa vipeperushi vya wagombea watatu wa kata moja, vyama vitatu tofauti. Ahadi ya kwanza kwa wote ilikuwa maji, ya pili barabara, ya tatu ajira kwa vijana. Ukifunika picha na rangi za chama, hujui hiki ni cha nani. Mmoja alikuwa amenakili mpaka jina la kata nyingine, nikamshtua kabla sijawasha mashine. Tangu hapo kipeperushi sikihesabu. Nahesabu vitu viwili: kazi ambayo diwani anaifanya kweli, na yale ninayoweza kwenda kuyaona kwa miguu yangu.

Kwanza, majibu ya haraka

Meya humpigii kura. Madiwani ndio wanaomchagua miongoni mwao, na naibu meya wanamchagua kila mwaka. Mwenyekiti wa mtaa ana uchaguzi wake, unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia mikoa na halmashauri. Ule wa Novemba 27, 2024 ulikuwa wa namna hiyo. Diwani anachaguliwa siku moja na Rais na mbunge, kama ilivyokuwa Oktoba 29, 2025, na kata ikibaki wazi katikati ya miaka mitano unaitishwa uchaguzi mdogo. Mkurugenzi wa Jiji hachaguliwi na mtu yeyote kati yetu, anateuliwa na Rais. Kwa hiyo mgombea anayepanda jukwaani na kusema "nikiingia tu, mkurugenzi anaondoka", ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anakuchezea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la shilingi mia chache na kalamu. Simu inaweza kutumika, lakini kwenye mkutano wa kampeni watu wanasukumana na simu huibwa.
- Kadi yako ya mpiga kura.
- Nusu siku ya Jumamosi ya kutembea mtaani kwako.
- Watu watatu wasiofanana wa kuwauliza: mwalimu au muuguzi wa kata, mfanyabiashara mdogo, na mzee aliyekuwepo kabla ya nyumba za mabati ya rangi.

Shahada haihitajiki. Hata mgombea mwenyewe sheria inamtaka awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri na adhaminiwe na chama.

Hatua ya 1: Hakikisha kata yako ni ipi

Usicheke. Jiji la Dodoma lina kata 41 na majina yanachanganya. Kuna Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu. Kuna kata ya Chamwino hapa mjini, na kuna Wilaya ya Chamwino ambayo ina halmashauri yake kabisa. Nimeshaona kijana anabishana nusu saa kuhusu mgombea ambaye hana hata uwezo wa kumpigia kura.

Kura ya udiwani unaipiga kwenye kata uliyoandikishwa. Kama ulijiandikisha ukiwa umepanga Chang'ombe na sasa umejenga Nzuguni, nenda ukahamishe taarifa zako wakati Tume ya Uchaguzi inapoboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Angalizo: usingoje wiki ya uchaguzi. Uboreshaji unafungwa mapema, na hakuna mtendaji wa kata atakayekufungulia kwa sababu mnafahamiana.

Hatua ya 2: Andika matatizo matatu KABLA ya kusikia kampeni

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo inayowaponza. Ukienda mkutanoni bila orodha yako, utarudi na orodha ya mgombea.

Chukua ile Jumamosi, utembee. Kama mvua imenyesha usiku, ni bahati yako. Mvua zetu ni za miezi michache, lakini zikishuka korongo linapita hadi mlangoni kwa mtu. Angalia mtaro umeishia wapi. Mara nyingi unaishia kwenye ukuta wa jirani. Angalia taka zinatupwa wapi na gari limepita lini. Pita shule ya msingi, uhesabu watoto wangapi wanatoka darasa moja kengele ikilia. Zahanati ikoje, na mama mjamzito anatumia nini kufika usiku?

Rudi nyumbani uandike matatu tu. Ukiandika kumi na tano hutapima kitu.

Hatua ya 3: Pata majina yote ya wagombea

Baada ya uteuzi, majina hubandikwa ofisi ya kata. Nenda ukasome ubao mwenyewe, yaandike yote, hata ya chama ambacho hukisikii. Mgombea binafsi hayupo kwa sheria zetu, kwa hiyo kila jina lina chama nyuma yake.

Kama wewe ni mwanachama wa chama, kazi yako inaanza mapema zaidi, kwenye kura za maoni. Kuna kata ambazo kila mtu anajua chama gani kitashinda. Huko mchujo wa ndani ndio uchaguzi wenyewe, na ndiko watu wanakolala usingizi.

Hatua ya 4: Gawa ahadi katika makapu matatu

Chora mistari miwili kwenye ukurasa, upate safu tatu. Ya kwanza iite KAZI YAKE, ya pili KAZI YA MWINGINE, ya tatu HEWA. Kila ahadi unayoisikia itupe mahali pake.

Ili ugawe vizuri lazima ujue nani anafanya nini Dodoma. Halmashauri inahusika na shule za serikali za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, taka, masoko, stendi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, na viwanja. Viwanja ndiyo roho ya mji huu. Kwa miaka mingi vilikuwa mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973 Serikali ilipoamua makao makuu yaje huku. CDA ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikaenda kwenye halmashauri, iliyokuwa bado manispaa. Hadhi ya jiji ilitangazwa Aprili 26, 2018. Kwa hiyo mgogoro wa kiwanja kimoja wenye watu wawili unagonga moja kwa moja kwenye mlango wa baraza la madiwani.

Sasa upande wa pili. Maji ni DUWASA. Umeme ni TANESCO. Barabara za mitaa ni TARURA tangu 2017, na barabara kuu ni TANROADS. Diwani hana bomba la kuvuta kutoka visima vya Mzakwe kuja kwako. Akisema "nitawaletea maji ndani ya miezi sita", andika kapu la HEWA. Akisema "nitahakikisha eneo la tangi linatengwa kwenye mchoro wa mipango miji kabla halijauzwa, kisha nitaibana DUWASA kila wakija kwenye vikao", hiyo ni KAZI YAKE, kwa sababu kupanga ardhi ni kazi ya halmashauri. Umeona tofauti? Maji ni yaleyale, ila wa pili anajua mlango wa kuingilia.

Lami nayo hivyohivyo. "Nitaweka lami" ni hewa. "Nitapeleka barabara ya shuleni iwe ya kwanza kwenye vipaumbele vya kata vinavyokwenda TARURA" ni kauli ya mtu aliyewahi kusoma makaratasi.

Kuna ahadi moja ninayoisubiri kwa kila mgombea: mikopo ya asilimia kumi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Mgombea anayeahidi "ajira kwa vijana" bila kuigusa hii amepita juu ya chombo pekee cha pesa alicho nacho karibu.

Angalizo: usimtupe mgombea kwa sababu ana ahadi moja ya hewa. Wote wanazo, jukwaa linalewesha. Tazama uwiano.

Hatua ya 5: Fuata nyayo zake

Kama anatetea kiti, kazi ni rahisi. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Uliza: kamati ilikaa mara ngapi mwaka jana? Ilipitisha mradi gani, na ule mradi uko wapi leo? Nenda ukaushike ukuta. Niliwahi kuambiwa kuna choo cha shule kimekamilika. Nilikuta mashimo mawili na mbuzi.

Kama ni mgeni kwenye siasa, usiseme "hana rekodi". Kila mtu mzima ana rekodi mahali. Alikuwa kamati ya shule? Mweka hazina wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa? Alisimamia michango ya msiba au ujenzi wa kanisa au msikiti? Watafute walioshika pesa pamoja naye, uwaulize swali moja tu: hesabu ilisomwa? Mtu aliyesoma hesabu ya msiba hadi shilingi ya mwisho mbele ya ukoo mzima, huyo nampa alama nyingi kuliko mwenye digrii mbili ukutani.

Halafu uliza anakula wapi. Simaanishi umwonee mtu kwa kazi yake. Lakini katika jiji ambalo kila wiki kuna pori linageuka viwanja, dalali wa viwanja akiingia kwenye baraza linalozungumzia viwanja, unatakiwa kujua mapema. Mkandarasi vilevile. Sheria inamtaka diwani mwenye maslahi kwenye jambo linalojadiliwa aseme wazi na akae pembeni. Muulize mbele za watu kama yuko tayari kufanya hivyo. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Hatua ya 6: Muulize mwenyewe

Wagombea udiwani si watu wa mbali. Utamkuta kwenye kijiwe cha kahawa, msibani, au anazunguka nyumba kwa nyumba jioni jua likipoa. Mwamkie kwa heshima, kisha uliza haya:

1. "Mheshimiwa mtarajiwa, tatizo hili la mtaro wetu (taja moja kati ya yale matatu) utalipeleka kikao gani kwanza?" Jibu zuri linataja Kamati ya Maendeleo ya Kata, au kamati ya mipango miji na mazingira, kisha baraza.
2. "Kama baraza lenye madiwani wa kata 41 na wa viti maalumu halikubaliani na wewe, utafanyaje?" Viti maalumu si chini ya theluthi, kwa hiyo kwenye ule ukumbi yeye ni kura moja kati ya zaidi ya hamsini. Mbabe hatapata kitu. Anahitajika mtu wa kushawishi, anayejua kukopeshana kura.
3. "Wakazi walichanga fedha za urasimishaji, wapimiwe viwanja wapate hati, na hati hazijafika. Utaanzia wapi?" Hili ulize kama linagusa mtaa wako.
4. "Tutakuona lini na wapi ukishinda?" Taka siku na mahali. "Simu yangu iko wazi saa 24" si jibu, simu zote ziko wazi mpaka siku ya kuapishwa.

Andika majibu siku hiyohiyo. Baada ya mikutano mitatu, kila mtu amesema kila kitu kichwani mwako.

Angalizo: wapo wanaofungua kwa "Mbukwenyi!" na mkutano mzima unalipuka kwa vigelegele. Salamu ya Kigogo ni nzuri, naipenda. Haizoi taka. Kinyume chake, usimkatae mtu kwa sababu amekuja na Serikali kutoka Dar es Salaam na anakula ugali wa uwele kwa kusitasita. Nusu ya wapangaji wa Iyumbu na Ihumwa ni hao.

Hatua ya 7: Hesabu anachogawa

Khanga, fulana, sukari, "nauli" ya elfu mbili, pilau la ghafla nyumbani kwa balozi. Piga hesabu ya kijinga: mara watu wangapi? Hizo pesa zinatoka wapi, na zitarudi kupitia nini? Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inazungumzia jambo hili, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

Watu wananiuliza kama wanaweza kula pilau na kura wampe mwingine. Mimi nasema usile, na si kwa sababu ya utakatifu. Ukishakula, siku ukienda kumdai mtaro atakuangalia kama mtu mliyeshamalizana.

Hatua ya 8: Toa alama

Rahisi, jumla kumi. Ahadi zilizoangukia KAZI YAKE: alama 3. Nyayo: alama 4. Majibu ya ana kwa ana: alama 2. Mikono safi: alama 1. Nyayo nimezipa uzito makusudi, maana maneno yanaweza kufundishwa usiku mmoja.

Mfano. Mgombea wa kwanza anaongea kama redio, ahadi zake zimekaa sawa (3), lakini VICOBA yake ilivunjika na daftari halikuonekana (0), anajibu vizuri (2), amegawa fulana na pilau (0). Jumla 5. Wa pili anagugumia kidogo, ahadi nusu ni hewa (1), alikuwa kamati ya shule na vyumba viwili vimesimama (4), majibu ya wastani (1), hagawi kitu (1). Jumla 7. Kwa shangwe za uwanjani wa kwanza angeshinda asubuhi na mapema.

Wakifungana, rudi kwenye matatizo yako matatu: nani ameyataja bila kukumbushwa?

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Uchaguzi mkuu unapewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Ya diwani watu huiweka tiki haraka kwa kufuata chama cha ile ya kwanza. Hujakatazwa, ila kumbuka umetembea nusu siku ya Jumamosi kwa ajili ya hiyo. Isome.

Ukikwama

*Kuna mgombea mmoja tu kwenye kata.* Kwa sheria ya uchaguzi ya 2024, hapiti bila kupingwa. Anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mpime hivyohivyo, alama zako ziamue.

*Chama changu hakina mgombea.* Swali hili lilinijia sana 2025, CHADEMA ilipokuwa nje ya uchaguzi. Kupiga au kutopiga ni uamuzi wako, sikupangii. Nachosema ni kwamba diwani atakayepatikana ndiye atakayekaa kwenye kikao cha mtaro wako, kwa hiyo kumchunguza hakuepukiki.

*Mgombea ni shemeji yangu.* Mpe mtu mwingine daftari akupimie. Harusini mtaendelea kukaa meza moja.

*Familia inapiga kwa pamoja, baba ameshasema.* Kura ni ya siri. Kwenye kile kibanda cha kadibodi unaingia peke yako.

*Mtendaji hataki kunionyesha mihtasari ya kamati.* Usigombane naye. Muulize mjumbe wa kamati: wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe, mmoja hatakosa kukumbuka.

*Nimepoteza kadi.* Tume imewahi kuruhusu leseni ya udereva, pasi ya kusafiria au kitambulisho cha NIDA, mradi taarifa zilingane na zile za daftari. Sikiliza tangazo lao la mwaka huo.

*Wote wamepata chini ya alama nne.* Inatokea. Chagua yule ambaye ukimgongea saa kumi na mbili asubuhi atafungua mlango, kisha utumie daftari lako kumsukuma.

*Ameshinda ambaye sikumpa.* Daftari usilitupe. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na kikao ni cha wazi. Ulizia tarehe ofisi ya kata, vaa vizuri, weka simu kimya, kaa viti vya wageni nyuma. Beba ukurasa wenye yale matatizo matatu, weka tiki kila tatizo lako linapotajwa na diwani wako. Kwangu mara ya kwanza nilirudi na ukurasa mtupu, nikampelekea kopi yake nyumbani. Sikumlipisha.